Tangi Dogo la Samaki wa Beta: Maji ya Mawe, Joto la Kaskazi na Umeme Unaokatika

Samaki wa beta ndiye samaki wa mapambo anayeonewa kuliko wote, na anaonewa kwa sababu ya ustahimilivu wake mwenyewe. Anaweza kukaa hai kwa siku nyingi ndani ya kikopo cha maji ambamo samaki wengi wa kufugwa wangekufa usiku mmoja. Kwa kuwa anakaa hai, muuzaji humweka katika kikopo, mnunuzi humhamishia katika chupa ya jamu au bakuli la maua, na wote wawili huamini kwamba huyu ni samaki asiyehitaji kitu. Makala hii inaeleza kwa nini imani hiyo si sahihi, na namna ya kuandaa tangi dogo linalomfaa beta mmoja katika nyumba ya Unguja au Pemba, ambako maji, joto na umeme vina tabia ambazo maelekezo mengi yaliyoandikwa kwa ajili ya nchi za baridi hayazizingatii.

Beta anayefugwa sana majumbani, ambaye jina lake la kitaalamu ni Betta splendens, asili yake ni Thailand, nchi iliyomtangaza mwaka 2019 kuwa mnyama wake wa majini wa taifa. Porini huishi katika maji yaliyotulia na yenye majani mengi, kama vile vinamasi, mitaro na mabonde ya mpunga. Mtu aliyepita Cheju, kwenye mabonde ya mpunga ya Unguja, wakati mpunga umesimama majini anaweza kupata picha ya makazi hayo bila ya taabu: kina ni kifupi, pengine hakifiki gotini, lakini maji yameenea bonde zima. Watu husikia kwamba beta huishi katika maji ya kina kifupi, wakadhani kwamba huishi katika maji machache, na hapo ndipo chupa ya jamu inapohalalishwa. Bondeni uchafu wa samaki mmoja hupotea bila ya kuacha athari yoyote. Chupani hauna pa kwenda.

Maji ya mabonde hayo ni ya moto na yana oksijeni kidogo, ndiyo maana beta amejaaliwa kiungo cha ziada karibu na matamvua yake, chenye mikunjo mingi iliyojaa mishipa ya damu, kiitwacho labirinthi. Hupanda juu, akameza hewa, na kiungo hicho kikachukua oksijeni kutoka kwenye hewa hiyo moja kwa moja. Kwa hiyo beta anayepanda juu kila baada ya muda mfupi kuvuta hewa yupo katika hali yake ya kawaida, na akizuiwa asifike juu anaweza kufa hata kama maji yenyewe yana oksijeni. Jambo hili lina maana mbili kwa mwenye kuandaa tangi. Kwanza, uso wa maji usifunikwe wote kwa mimea inayoelea. Pili, tangi liwe na mfuniko, lakini baina ya maji na mfuniko ibaki nafasi ya sentimita 4 au 5 ya hewa yenye joto na unyevu. Mfuniko wenyewe hauepukiki, kwa sababu beta huruka, na katika nyumba zetu anayeruka humkuta paka chini.

Hata hivyo labirinthi humwokoa beta na jambo moja tu, nalo ni upungufu wa oksijeni. Haimwokoi na sumu, na sumu huitengeneza yeye mwenyewe. Kila samaki hutoa amonia kupitia matamvua yake, na kinyesi pamoja na chakula kilichobaki vinapooza huongeza amonia nyingine. Amonia huunguza matamvua, huwasha ngozi na kudhoofisha kinga ya mwili, kisha mapezi huanza kuoza kwa maradhi ambayo samaki mwenye afya angeyashinda. Mfugaji huona samaki wake anavuta hewa vizuri, akadhani kwamba mambo ni salama, kumbe samaki anapumua kwa labirinthi huku matamvua yakiharibika. Kwa maoni yangu hili ndilo fundo lenyewe la somo zima, na atakayelifungua atakuwa ameelewa sababu ya kila kifaa kinachoelezwa hapa.

Kinachoondoa amonia ni bakteria. Katika tangi lililokomaa huwapo kundi moja la bakteria, wakaao juu ya sponji ya chujio, mchanga na kioo, ambao huigeuza amonia kuwa nitriti. Huwapo pia kundi jingine ambalo huigeuza nitriti, ambayo nayo ni sumu, kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni madogo madhali haikuachwa ikarundikana. Bakteria hawa huja wenyewe, lakini huchukua muda, kwa kawaida wiki 4 hadi 6, na joto la visiwani huwasaidia kuzaliana upesi. Kwa hiyo tangi huandaliwa kabla ya samaki kununuliwa. Unatia maji, unawasha chujio, na kila siku unatia chembe chache za chakula kana kwamba samaki yumo, ili chakula hicho kioze na kuwapa bakteria amonia ya kuanzia. Mwenye vipimo vya maji atajua tangi liko tayari pale amonia na nitriti zitakaposoma sifuri na nitrati kuanza kuonekana. Asiye na vipimo na asubiri wiki zote sita, au aombe kipande cha sponji iliyokwisha kutumika kutoka kwa rafiki ambaye tangi lake lina afya, akisafirishe kikiwa kimeloa, na akitie ndani ya tangi lake siku hiyo hiyo. Aliyekwisha kununua samaki kabla ya kusoma haya bado anayo njia: apunguze chakula, na abadilishe kiasi cha thuluthi ya maji kila baada ya siku moja au mbili, mpaka wiki hizo zipite.

Ukubwa ninaoupendekeza ni lita 20, na chini ya lita 10 sioni sababu ya kuanza. Wanaoanza hudhani kwamba tangi dogo zaidi ni rahisi zaidi, na ukweli ni kinyume chake: maji yakiwa machache, kosa dogo la chakula au saa chache za jua la dirishani hubadilisha hali yote kabla ya mfugaji kujua. Hakuna haja ya kuagiza tangi kutoka mbali. Fundi yeyote wa vioo na aluminiamu anaweza kukata vipande vitano vya kioo cha milimita 5 na kuviunga kwa silikoni. Mpe vipimo vya sentimita 40 kwa urefu, 25 kwa upana na 25 kwa kimo. Ukijaza maji hadi sentimita 20 utapata lita 20 kamili, na nafasi ya hewa juu yake. Usikubali tangi refu jembamba lililosimama, kwa sababu beta mwenye mapezi marefu huchoka kupanda juu kuvuta hewa. Sisitiza kwamba silikoni iwe ile isiyotiwa dawa ya kuzuia ukungu, kwani dawa hiyo ni sumu kwa samaki, na uiache ikauke kwa muda wa wiki moja, mpaka ile harufu kali ya siki iishe kabisa. Kumbuka pia kwamba lita 20 za maji peke yake ni kilo 20, kwa hiyo meza iwe imara na iliyonyooka, na chini ya tangi itandikwe sponji nyembamba.

Sasa tuje kwenye maji, ambayo ndiyo yanayotofautisha ufugaji wa hapa na wa kwengine. Sehemu kubwa ya Unguja imekaa juu ya mawe ya matumbawe ya kale. Maji ya mvua hupenya katika mawe hayo na kuyeyusha chokaa kabla ya kufika kisimani, na ushahidi wake uko jikoni, katika lile gamba jeupe linaloganda ndani ya birika. Maji ya namna hii huitwa maji magumu, na pH yake, yaani kipimo cha uchachu wa maji ambacho 7 ndiyo kati na kati, huwa juu ya 7. Hali hutofautiana baina ya kisima na kisima, na baina ya Unguja ya maweni na Pemba yenye vilima na udongo mwingi, kwa hiyo kipimo cha pH kinastahili kununuliwa kabla ya pambo lolote. Beta hupendelea pH ya 6.5 hadi 7.5, lakini beta wa siku hizi, waliozalishwa kwa vizazi vingi katika matangi, huvumilia hata pH ya 8 ikiwa haipandi na kushuka.

Maji magumu yana sura mbili, na zote mbili lazima zijulikane. Amonia ndani ya maji huwa katika maumbo mawili, moja likiwa na sumu kali na jingine likiwa na madhara madogo, na kinachoamua mgawanyo huo ni pH pamoja na joto. Katika joto la nyuzi 28, maji yenye pH 7 huwa na chini ya asilimia 1 ya amonia yake katika umbo la sumu kali. Maji yenye pH 8, kwa joto lile lile, huwa na zaidi ya asilimia 6. Maana yake ni kwamba chakula kilichomwagwa kwa uzembe hudhuru zaidi katika tangi lililojazwa maji ya kisima cha mawe kuliko katika tangi lenye maji laini. Lakini chokaa hiyo hiyo huizuia pH isiporomoke ghafla, na bakteria wetu huihitaji katika kazi yao. Kwa sababu hii sishauri hata kidogo kukamua ndimu au kutia siki ndani ya tangi ili kushusha pH: asidi hiyo humezwa na chokaa, pH hurudi ilikokuwa, na aliyeteseka kwa mabadiliko hayo ni samaki. Mwenye maji magumu sana ni bora achanganye nusu kwa nusu na maji ya mvua, yaliyokingwa baada ya mvua ya mwanzo kuosha paa, na auchunge mchanganyiko huo usibadilike kila wiki. Mwenye kisima cha karibu na pwani chenye ladha ya chumvi atafute maji mengine.

Maji ya mfereji yana jambo jingine, nalo ni klorini, ambayo huua bakteria wa tangi kama inavyoua vijidudu vya maradhi. Yaache katika ndoo pana iliyo wazi kwa muda wa saa 24, na klorini ya kawaida itatoka yenyewe. Ikiwa klorini imefungamanishwa na amonia haitoki kwa njia hiyo, na hapo dawa maalumu ya kuondoa klorini huhitajika. Mwenye kuweza kuipata dawa hiyo aitumie tu, kwani matone machache yanatosha.

Baada ya maji huja mchanga na mapambo, na hapa ndipo wakaazi wa pwani wanapojitega wenyewe bila ya kujua. Ni jambo la kuvutia kuchukua mchanga mweupe wa Paje au Nungwi, pamoja na makombe na vipande vya matumbawe, na kuvipanga ndani ya tangi. Mchanga huo kwa sehemu kubwa si mawe yaliyosagika bali ni mabaki ya matumbawe, makombe na viumbe vidogo vya bahari, yaani ni chokaa tupu, na utaendelea kuyeyuka polepole na kuyafanya maji magumu yazidi kuwa magumu. Matumbawe nayo yana kazi yake baharini, na hayafai kung'olewa kwa ajili ya pambo. Kipimo ni rahisi. Weka kijiko cha mchanga uliokauka juu ya kisahani cheupe, kamulia ndimu, kisha inama usikilize. Mchanga wa pwani utatoa mlio mwembamba wa kuchemka na mapovu madogo yatajikusanya pembeni mwa punje. Mchanga usiofanya hivyo, baada ya kuoshwa mpaka maji yake yawe meupe, unafaa. Jiwe lolote lipimwe vivyo hivyo.

Kwa maficho, ambayo beta huyahitaji ili apumzike bila ya hofu, nyumba zetu zina kitu bora kuliko vile vya plastiki vinavyouzwa. Kifuu cha nazi, kilichokwanguliwa nyama yote, kikachemshwa mara kadhaa na kukatwa tundu la mlango, ni pango zuri lisilo na ncha. Pambo lolote jengine lipitishiwe soksi nyembamba juu yake. Likikwaruza soksi, litachana mapezi.

Kuna neema nyingine iliyo karibu zaidi. Wafugaji wa beta wa Asia ya Kusini-Mashariki hutumia majani makavu ya mti ambao sisi huuita mkungu, ule ule ambao watoto hugonga kungu zake kwa mawe ili wale kokwa. Majani hayo hutoa tanini, ambayo huyapa maji rangi ya kahawia, hupunguza ukali wa mwanga na husaidia kudhibiti baadhi ya bakteria na ukungu. Yapo watu wanaoyanunua kwa kuagiza kutoka ng'ambo, ilhali yamejaa chini ya miti katika viwanja vya skuli. Okota majani yaliyokwisha kuanguka na kukauka, mbali na barabara na mahali panapopuliziwa dawa, yaoshe, na utie jani moja katika lita 20. Litakapoanza kuoza litoe utie jengine. Usitarajie kwamba jani hilo litashusha pH katika maji magumu, kwani chokaa itaizidi nguvu tanini yake, lakini faida zake nyingine zitabaki.

Joto linalomfaa beta ni nyuzi 25 hadi 28. Wenzetu wa nchi za baridi hulazimika kununua hita. Sisi kwa sehemu kubwa ya mwaka hatuihitaji, na shida yetu ni kinyume chake. Katika kaskazi, mchana wa Januari au Februari chini ya paa la bati, maji ya tangi dogo yanaweza kupita nyuzi 31, na kadiri maji yanavyopata moto ndivyo amonia inavyozidi kuwa kali na oksijeni inavyopungua. Liweke tangi katika ukuta wa ndani usiopigwa na jua, mbali na dirisha, na siku za joto kali badilisha mfuniko kwa wavu mwembamba na uelekeze feni ndogo juu ya maji. Maji yatapungua haraka, na ya kujazia yawe ya mvua au maji laini, kwa sababu kinachopaa ni maji tu, chokaa hubaki. Usitie barafu. Wakati wa kipupwe, usiku wa Julai na Agosti, kipimajoto kikionyesha chini ya nyuzi 24 mfululizo, ndipo hita ndogo ya wati 25 inapokuwa na maana.

Kuhusu chujio, ninapendekeza lile la sponji linaloendeshwa kwa pampu ndogo ya hewa, kwanza kwa sababu mkondo wake ni mpole na beta mwenye mapezi marefu hawezi kupambana na mkondo, na pili kwa sababu ya umeme wetu. Umeme wa visiwa hivi hutoka bara kwa waya uliopita chini ya bahari, na waliokuwapo Unguja kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 wanakumbuka jinsi kisiwa kilivyokaa bila ya umeme waya ulipoharibika. Chujio la kufungwa katika kasha likizimika kwa saa nyingi, bakteria waliomo hukosa oksijeni na kufa, na likiwashwa tena hurejesha uozo wao tangini. Sponji iliyo wazi ndani ya maji hustahimili zaidi. Samaki mwenyewe, kwa ile labirinthi yake, hatakosa pumzi. Umeme ukikatika kwa zaidi ya nusu siku, usimlishe mpaka urudi. Na pampu iwekwe juu kuliko uso wa maji, au mpira wake ufungwe vali ya kuzuia maji kurudi, kwa sababu pampu iliyo chini ikizimika maji huweza kurudi kupitia mpira huo na kumwagika sakafuni, pengine juu ya waya wa umeme.

Tangi likiwa tayari, mlete samaki. Mfuko wake uelee juu ya maji kwa muda wa robo saa, kisha mwongezee maji ya tangi kidogo kidogo kwa nusu saa nyingine, umtoe kwa wavu, na maji ya dukani uyamwage nje ya tangi. Ni mmoja tu. Madume wawili watapigana mpaka mmoja aumie vibaya au afe, na dume na jike hawakai pamoja katika tangi dogo. Konokono wadogo wa maji baridi huweza kuishi naye, ingawa wapo beta wanaowashambulia.

Beta ni mla nyama. Mkate, wali na chapati havimfai, na huchafua maji kuliko kinyesi chake. Chembe mbili au tatu za chakula cha beta asubuhi na jioni zinatosha, kwani tumbo lake ni dogo. Viluwiluwi vya mbu huvipenda kuliko kitu chochote, na tangi lenye beta halitazalisha mbu. Lakini si haki kwa majirani kutunza ndoo ya kuzalishia viluwiluwi katika visiwa vilivyojitahidi kiasi hiki kupambana na malaria, kwa hiyo tumia vile ulivyovikuta tu, na uhakikishe vimeliwa vyote.

Kila wiki toa lita 5, yaani dumu moja dogo, kwa mpira wa kunyonyea unaopitishwa juu ya mchanga ili uvute uchafu, na urejeshe lita 5 za maji yaliyotayarishwa, yenye joto linalolingana. Sponji ikamuliwe mara moja kwa mwezi ndani ya maji hayo yaliyotolewa, kamwe si chini ya mfereji, kisha maji hayo yamwagiwe mirehani au michaichai, kwa kuwa nitrati ni mbolea. Mara nyingine utaona dume amejenga kiota cha mapovu juu ya maji. Wengi hukichukulia kuwa ni cheti cha usafi wa tangi, lakini dume hujenga kiota kwa kusukumwa na silika ya kuzaa, na anaweza kukijenga hata katika maji mabaya. Dalili za kuaminiwa ni nyingine: mapezi yaliyokunjuka, rangi iliyokolea, hamu ya kula, na samaki anayeitika mtu anapokaribia kioo.

Ikitokea kwamba huwezi kuendelea kumfuga, mpe mfugaji mwengine, na usimwachie katika bwawa wala bonde la mpunga, kwani yeye na mimea ya tangi si wenyeji wa maji yetu. Na ukisafiri kwenda shamba au kuvuka kwenda Pemba kwa ajili ya sikukuu, beta mzima mwenye afya huvumilia siku 3 au 4 bila ya chakula. Safari ikiwa ndefu kuliko hapo, mwachie jirani vipakiti vya karatasi, kila kimoja na chembe za siku moja zilizokwisha kuhesabiwa, na mkebe wenyewe wa chakula ufungie kabatini.